Metali Mbili Mdomoni kwa Mama

Shinyanga
Jumapili, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Chausiku,

Salamu kutoka nyumbani. Huku wote wazima, mvua inanyesha vizuri, na wifi yako Zuhra anashukuru kwa vitenge ulivyompa Mama alete. Kimoja ameshakikata kabla sijauliza ni cha nani. Mimi goti langu bado linalia nikitembea. Wanafunzi wanalisikia kabla hawajaniona, kwa hiyo nikifika darasani nakuta kimya kabisa, na mkuu wa shule anafikiri huo ni uwezo wangu wa kufundisha. Simwambii kitu.

Msalimie sana shemeji Masudi na watoto.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara mbili umenikatia, na ya tatu, sikatai, niliyekata ni mimi. Zuhra akasema, "Andikianeni, kwenye karatasi hamna wa kupandishiana sauti." Barua hii nampa mtu wa vifurushi wa basi la Geita, utaipata stendi.

Tuje kwenye jino.

Tangu Mama arudi kutoka kwako na hilo jino la dhahabu, nyumba yangu imekuwa maonyesho. Mtaa mzima umepita. Apolonia wa nyumba ya pili alisimama mlangoni na beseni lake la nyanya kichwani akasema, "Mayu, mama yangu, hebu cheka tena nione." Na Mama akacheka. Siku hizi anacheka taarifa ya habari, anacheka bei ya sukari. Juzi msibani nilimwona anafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nikasema moyoni, afadhali amekumbuka aibu. Kumbe anaufunika na kuufunua, ili walio mbali nao waone.

Nilimuuliza, "Mama, kwani kuna nini cha kuchekesha?"

"Nacheka tu. Kucheka nako kunaombwa ruhusa siku hizi?"

Sina neno. Ila nakumbuka mwaka ule nilipompeleka kuziba lile jino la chini, lililokuwa limetoboka. Nilikaa naye kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi. Likazibwa vizuri kwa kile kizibo cha rangi ya fedha, na mpaka leo ameyatafunia yote ya dunia. Hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kuliangalia. Lakini hayo siyo niliyokusudia kuandika.

Nililokusudia ni kwamba Mama anaumia. Akifunga meno, anasema kitu kinampiga, kama umemgusisha waya wa umeme, kinapanda mpaka sikioni. Halafu mdomo unajaa ladha ya msumari. Akila kitu chenye ndimu au chumvi nyingi inazidi. Nyama ameacha. Ugali anaumung'unya. Sasa ni uji na maziwa, na mashavu yameanza kuingia ndani.

Sisemi dhahabu yako ni mbaya. Nasema tu kwamba watu wanasema. Apolonia kasema dhahabu safi haina ladha. Mimi sikumjibu.

Nimemwambia Mama litolewe. Amekataa. Amesema hakuna wa kuligusa mpaka Chausiku mwenyewe atoe kauli. Basi toa kauli. Na ile ahadi ya yeye kuja kwako Ramadhani yote mpaka Idd, nadhani unaona mwenyewe. Mtu asiyetafuna hasafiri.

Kaka yako,
Akida


Geita
Jumanne, 30 Januari 2024

Kaka Akida, shikamoo.

Barua nimeipata, ilikuwa imelala stendi chini ya gunia la dagaa, kwa hiyo nimeisoma nikiwa nimeishika mbali na pua. Sisi hatujambo. Masudi alikuwa na malaria, amepona, ameshaanza kunisumbua tena. Duka linaenda. Wachimbaji wakipata, wake zao wanakuja kuchukua vitenge vya doti mbilimbili. Wakikosa wanakuja kunisalimia tu.

Mpe pole Mama. Mwambie sijalala vizuri tangu nisome.

Sasa wewe. "Watu wanasema." Kaka, unaijua Geita? Huku ukitaka kumtukana mtu humtukani mama yake, unamwambia dhahabu yake ina mchanganyiko. Ile dhahabu Masudi aliipokea mwenyewe mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, akaisugua kwenye jiwe, akaitia tindikali mbele yangu, na ule mstari ukabaki pale pale unang'aa. Fundi wa meno aliifanya kofia ya jino tukiwa tumekaa tunamtazama. Mwambie huyo Apolonia auze nyanya.

Na wewe mwalimu wa kemia, miaka yote hiyo na chaki, ukanyamaza mbele ya muuza nyanya? Hukumjibu kwa sababu hujui, au kwa sababu yalikupendeza?

Nikuambie ukweli, maana karatasi hainikatizi. Tangu Baba afariki Mama anakaa kwako. Nikipiga simu ni "Akida kaniletea", "Akida kasema", "Akida kanikataza". Huku anakuja kama mgeni, na siku ya tatu ameshaanza kukunja nguo. Nimemnunulia vitu, vyote vimeishia kwenye sanduku nyumbani kwako. Hilo jino ndilo kitu changu pekee ambacho Mama analala nacho. Halafu unaniambia nitoe kauli, kama vile nikusainie fomu.

Sitoi. Nieleze kwanza. Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako, ila usinisinzishe: dhahabu safi inampigaje mtu umeme?

Mdogo wako,
Chausiku


Shinyanga
Jumapili, 11 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa shemeji. Huku kuku wa Zuhra wanne wamechukuliwa na kicheche, na kwa jinsi alivyonitazama asubuhi ile nilijiona nina manyoya mdomoni. Mama anakusalimu. Anaendelea na uji.

Umesema nisikusinzishe. Hilo ni gumu. Somo hili hili nililifundisha kidato cha tatu wiki iliyopita, kipindi cha baada ya chakula, na nilipogeuka kutoka ubaoni aliyekuwa macho ni nzi. Lakini nitajaribu.

Tafuta ndimu. Chomeka upande mmoja msumari wa bati, ule mweupe wa kupigilia mapaa, maana umepakwa zinki. Upande wa pili chomeka kipande cha waya wa shaba ulichokisugua mpaka kikang'aa. Ndani ya ndimu visigusane. Sasa viunganishe kwa nje na waya. Umeme umepita. Ni mdogo, hauwashi hata tochi, lakini upo, na hakuna aliyeuweka. Umetengenezeka wenyewe.

Umetoka wapi? Kila metali ina chembe zinazoitwa elektroni, ndogo kuliko neno dogo. Zipo metali zinazoziachia kirahisi, na zipo zinazozing'ang'ania. Ukizichukua mbili zisizolingana, ukaziweka kwenye majimaji yenye uchachu au chumvi, kisha ukaziunganisha, ile inayoachia itapeleka elektroni zake kwa ile inayopenda kupokea. Inayotoa inaitwa anodi, inayopokea kathodi, yale majimaji yanaitwa elektroliti, na huo msafara wa elektroni ndio umeme. Kitu kizima tunakiita seli ya galvani. Betri ya gari la Masudi ni ndugu ya ndimu hiyo, imevaa suti tu.

Haya, njoo mdomoni kwa Mama. Mate ni majimaji yenye chumvi. Kuna metali ya juu, dhahabu yako. Kuna metali nyingine ndani ya mdomo huo huo. Akifunga meno zinagusana, njia inakamilika, msafara unapita, na mshipa wa jino ndio unaopigwa. Akila achari ya ndimu, elektroliti inakuwa kali zaidi na msafara unaongeza mwendo. Dhahabu yako ni safi. Haya, nimekubali kwa mwandiko wangu, mwonyeshe Masudi. Lakini ona: kabla haijaja kulikuwa na amani. Imekuja, kukawa na vita. Mwenye kufika mwisho ndiye aondoke. Hiyo si kemia, ni ustaarabu.

Ramadhani imekaribia. Naomba kauli yako.

Akida


Geita
Jumamosi, 2 Machi 2024

Kaka, shikamoo.

Nimechelewa kwa makusudi. Nilikuwa nafanya ulichosema.

Nilinunua ndimu, msumari na waya, nikamwita fundi wa sola wa jirani na kile kipimo chake cha sindano. Wateja wangu walijaa dukani kama wameitiwa mganga. Nikaunganisha, sindano ikacheza. Kina mama wakasema, "Heee." Kaka, sikufichi, nilijisikia mwalimu. Nikaelewa kwa nini unaipenda hiyo kazi ingawa wanasinzia.

Halafu nikatoa shaba nikachomeka hereni yangu ya dhahabu. Sindano ikacheza tena. Nikaviacha vimeunganishwa, nikavisahau juu ya kabati mpaka ndimu ikaanza kunuka. Masudi akasema, "Mke wangu, hicho ni nini, unaniroga?" Nikavichomoa. Hereni ilitoka kama ilivyoingia. Nikaifuta na kanga nikaivaa, ninayo sikioni sasa hivi ninapoandika. Msumari ulitoka umefifia, mweusi kiunoni, umetafunwa vishimo vishimo.

Nikakaa chini nikaisoma tena barua yako, neno kwa neno. Umeandika kuna inayotoa na inayopokea. Umeandika majina yao ya kizungu yote. Hukuandika nani anaumia. Na hukuandika hiyo "metali nyingine" ni ipi. Mwalimu mzima, ukafika pale ukasema "metali nyingine", ukapita haraka kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Mimi najua mdomo wa Mama. Kuna jino moja tu lililozibwa. Aliyempeleka ni wewe, na umeliandika kwenye barua yako ya kwanza, ukilalamika kwamba majirani hawakuja kuliangalia.

Basi swali langu ni fupi, lijibu kwa neno moja. Kati ya dhahabu yangu na kizibo chako, ipi inaliwa?

Chausiku


Shinyanga
Jumapili, 10 Machi 2024

Mdogo wangu Chausiku,

Marahaba. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe salama. Zuhra ameshaloweka choroko. Mama mwaka huu hatafunga, daktari wa zahanati amemkataza kwa jinsi alivyokonda, na amekasirika na daktari, amekasirika na mimi niliyempeleka, na paka naye hakusalimika.

Nimefurahi sana kuhusu ndimu yako. Ni jaribio zuri. Ila ndimu ni njia ya kienyeji, na nisingependa ubaki na elimu nusu. Shuleni tunatumia vyombo viwili. Kimoja kina kipande cha zinki ndani ya maji ya chumvi ya zinki, kingine kina shaba ndani ya maji ya chumvi ya shaba, yale ya buluu. Waya unaunganisha metali zote mbili kwa juu. Elektroni zinaanza kupita. Lakini zikiondoka huku na kwenda kule, upande wa zinki unazidiwa na chembe zenye chaji chanya, upande wa shaba unabaki na zenye chaji hasi, na mara msafara unasimama. Hapo ndipo tunapoweka daraja la chumvi: karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa maji ya chumvi, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Chembe zinapita humo kusawazisha pande zote mbili, na umeme unaendelea. Bila daraja hilo kila upande unakaa na uzito wake, na hakuna kinachosogea. Wanafunzi wengi hawalielewi daraja. Wanadhani elektroni zinapita humo. Hazipiti humo. Katika mtihani wa muhula nusu ya darasa walikosa hapo, na mwalimu wao ni mimi, kwa hiyo sijui nimcheke nani.

Mvua imepungua. Bei ya mchele imepanda. Goti liko vilevile.

Swali lako nimeliona.

Mama hawezi safari kwa hali hii. Nadhani utaelewa.

Akida


Geita
Ijumaa, 22 Machi 2024

Kaka, shikamoo.

Nilifikiri sitakuandikia tena. Nimeisoma barua yako ya daraja, nikaikunja, nikaifunikia chungu cha tambi.

Jana kabla ya futari nilipiga simu, akapokea Mama. Aliniambia anakula vizuri, ameshiba, nyama ameila ya kutosha. Nikamuuliza nyama gani. Akasema, "Ya kawaida." Mama yetu hajui kudanganya, Akida. Ananidanganya ili jino langu lisitolewe.

Basi kauli yangu hii hapa. Litoeni. Mwambie Mama, Chausiku amesema mwenyewe, na amesema bila kinyongo. Hilo la bila kinyongo si kweli, lakini mwambie hivyo hivyo. Sitaki anywe uji kwa ajili yangu.

Hiyo dhahabu msinirudishie. Mpeni Zuhra atengeneze kipini. Mimi nikiiona nitalia.

Na swali langu nimelifuta. Usinijibu. Baki na Mama, Ramadhani na Idd. Tutaonana Mungu akipenda.

Chausiku


Shinyanga
Alhamisi, 4 Aprili 2024

Mdogo wangu Chausiku, Mama Shamimu,

Barua hii hukuipokea stendi kwa mtu wa vifurushi. Amekuletea mwenyewe. Ukimaliza kumkumbatia, kaa usome.

Kauli yako ilinifika siku ya Jumanne, wiki iliyopita. Nilimsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama ni yeye kasema." Akaenda ndani, akakaa muda, akarudi amevaa baibui. Njiani kwenda kwa daktari wa meno hakucheka hata mara moja. Tulipita kwa Apolonia, akamwita, "Mayu, vipi leo?" Mama akamwinulia mkono tu, mdomo ameufunga. Chausiku, mimi nimetamani miezi hii yote Mama aache kucheka. Alipoacha, nikawa natembea nyuma yake kama mtu aliyeiba.

Daktari ni binti mmoja, anaitwa Agnetha, mikono myepesi. Alimulika, akasema kofia ya dhahabu inatoka bila shida, hata dakika kumi haifiki. Akachukua koleo. Mama akafumba macho na akafungua mdomo kwa upana, kwa utii, kama mtoto anayechanjwa.

Nikasema, "Daktari, ngoja. Acha hilo. Toa la chini."

Akanitazama. "La chini halina shida, mzee. Halijatoboka."

"Najua. Liko chini ya dhahabu, linagusana nayo. Lina fedha, bati na zebaki. Ndilo linalotoa."

Akamulika tena, akagusa kwa kile kijiti chao, akasema, "Aisee, na kweli limechakaa pembeni." Halafu akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikasema hapana, mimi ni mwalimu, kidato cha tatu. Akasema na yeye alilisoma hilo kidato cha tatu, mchana, baada ya chakula, na hakumbuki kitu. Nikajisikia nyumbani.

Mama akafumbua macho. Pale kwenye kiti, na pamba shavuni, akaniuliza, "Wewe, umelijua hili tangu lini?"

Nikasema feni inapiga kelele, sijamsikia. Hakurudia. Alinitazama tu, lile jicho unalolijua.

Kizibo kikatoka vipande vipande. Daktari akaniwekea kwenye kitambaa nione. Juu kilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu, na pembeni kina vishimo, kama ulivyoandika juu ya msumari wako. Dhahabu akaipangusa mara moja kwa pamba. Ikawaka.

Umesema umelifuta swali, lakini mimi ni mwalimu, siwezi kuacha swali wazi kwenye karatasi. Jibu ni langu. Kizibo changu ndicho anodi, ndicho kilichokuwa kinaliwa. Dhahabu yako ni kathodi, inapokea tu, haipungui hata chembe. Nililijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Ukizipanga metali zote kwa ukarimu wao, dhahabu iko mkiani kabisa, haimpi mtu kitu. Nimeandika orodha hiyo ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sikuweza kuiandika kwako. Nilijiona nitakuwa nimetolewa mdomoni kwa Mama na chaki yangu mwenyewe.

Amezibwa upya kwa ile dawa nyeupe. Si metali, haina cha kutoa wala kupokea, umeme hauna njia tena. Na weupe wake ni ule ule wa jino. Jioni nilimwomba Mama afungue mdomo nilitazame, nikavaa na miwani, nikalitafuta. Sikuliona. Zamani nilikuwa sionekani kwa sababu ya kukaa nyuma. Sasa sionekani hata kwa miwani.

Daktari alimwambia ajaribu kuuma. Akauma. Akasubiri, amekaza mikono ya kiti. Akauma tena. Halafu akasema, "Nyama ipo nyumbani?"

Ameila kwa siku zote hizi, mashavu yamerudi nusu. Kwa hiyo hoja yangu ya kwamba hawezi kusafiri imekufa, na sikuwa na nyingine. Atakuwa kwako kumi la mwisho la Ramadhani na Idd, kama mlivyoahidiana. Nimemkatia tiketi ya kuja tu. Ya kurudi utaikata wewe, siku utakayoona inafaa. Zuhra anasema hapa kwenye mstari huu nimekunja uso kama mtu anayemeza klorokwini. Ana macho sana huyo mwanamke.

Asubuhi anapenda chai iliyochemka na tangawizi, siyo ya kuloweka. Usimwekee sukari, ataiweka mwenyewe halafu akukatalie kwamba hajaweka.

Idd njema.

Kaka yako,
Akida


Geita
Jumapili, 21 Aprili 2024

Kaka Akida, shikamoo, na Idd njema iliyochelewa.

Mama alifika salama. Alishuka kwenye basi anacheka kabla hata hajaniona, akiwachekea wapiga debe. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nililia kidogo. Ya tatu Masudi akaniuliza kwani imeandikwa nini, nikamwambia mambo ya kemia, huwezi kuelewa.

Sitakusema. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Machi na mengine yalikuwa mazuri sana, lakini nilipomwona Mama anavunja mfupa wa mbuzi siku ya Idd, yote yakanitoka.

Ila kuna jambo linanikera, na wa kumwambia ni wewe tu.

Majirani zangu walikuja kumwona. Nikamketisha mahali penye mwanga, nikijua wanakuja kuona jino. Akawaonyesha, wakasifu, vizuri. Halafu akasema, "Hilo mnaliona. Sasa tazameni la chini, kazi ya mwanangu mwalimu. Madaktari walishindwa, yeye ndiye aliyesema, toa hili." Wakainama. Wakasema, hatuoni kitu, Bi Mwamvua. Akasema, "Ndiyo kazi yenyewe, haionekani. Leteni taa." Kaka, wanawake watano wazima wamewasha tochi za simu, wanatafuta kitu kisichokuwepo, na dhahabu yangu iko pale mbele ya pua zao na hakuna anayeitazama. Sasa ni kila mgeni. Jana muuza mkaa naye aliinama.

Na chai. Nimeichemsha na tangawizi kama ulivyoandika. Ameonja, akasema nzuri, halafu akasema, "Ya Akida inakolea zaidi." Wewe unapika chai tangu lini?

Kuhusu tiketi ya kurudi, sijaikata, na nakuomba usiniulize. Hajaanza kukunja nguo. Nachungulia kila asubuhi, bado zimetawanyika kitandani. Siku atakayosema mwenyewe anataka kurudi nitamkatia siku hiyo hiyo, sitamchelewesha hata kwa chakula cha mchana. Lakini kila nikiswali namwomba Mungu asiseme upesi. Najua na wewe huko unaomba asiseme kwa kuchelewa. Basi tuendelee kuomba, kila mtu na lake, tuone nani anasikilizwa.

Mdogo wako,
Chausiku